Siku Nne za Redio Kimya

Jumatatu, 1 Aprili

Daftari la kijani ni la utafiti. Hili jekundu ni langu. Nalisema mapema, vitu visije vikachanganyika kama soksi za wodi ya watoto.

Mwanangu alikuja jana na madaftari sita: matano ya kijani na hili moja lililozidi. Akasema, "Mama, hili andika unachotaka." Shule yangu iliishia msingi, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiuzungusha darasa zima watu wauone, kwa hiyo daftari haliwezi kukaa tupu mbele yangu.

Mimi ni mfuaji kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mwaka wa kumi na tisa huu. Mwanangu ni mmoja tu, na anasomea shahada ya uzamili ya habari na mawasiliano. Si ile shahada ya kwanza, hiyo alishaimaliza, picha iko ukutani. Ya pili. Namwita Profesa, na wenzangu kazini wananiita Mama Profesa wakidhani wananitania. Siwakatazi.

Utafiti wake unauliza hivi: wanawake wa kazi za mikono wanaisikilizaje redio wakiwa kazini? Sisi watano wa chumba cha kufulia tutaandika kwa wiki sita tulichosikia, saa ngapi, na tuliwaza nini. Kisha yeye ataandika tasnifu, na atatengeneza makala ya redio ya nusu saa. Makala hiyo itachezwa kwenye onyesho la kazi za wanafunzi wa uzamili mwisho wa muhula, watu wamevaa viatu vya maana. Asipoonyesha hapo hamalizi na wenzake.

Leo alikuja kutueleza. Akasema sisi ndio sampuli yake.

"Sampuli?" akauliza Bi Pasi, mzee wetu wa kupiga pasi. "Kama kile kipande cha kitambaa unachokwenda nacho dukani kutafutia uzi?"

"Hasa, Bibi," akasema mwanangu.

"Basi mjukuu wangu umekata pabaya. Mimi nimefuliwa sana, nitachuja."

Jumanne, 2 Aprili

Mvua imeanza. Shuka hazijakauka.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Nimemwambia mlinzi wa getini habari za utafiti. Alikuwa ameshaambiwa. Na mimi, tena mara mbili.

Jumatano, 10 Aprili

Mashine ya kukaushia imekufa. Tumefunga kamba kwenye korido nzima, wauguzi wanapita wameinama kama wanaomba radhi. Shuka mbichi ina uzito wa mtu. Magoti yangu yanaongea kuliko redio.

Redio yetu inaning'inia kwenye msumari juu ya sabuni, antena yake ni waya wa kutundikia nguo. Leo saa nne alikuwa Daktari wa Redio, yule wa kila Jumatano. Kazungumzia usingizi. Mwenzetu Mama Mapacha alisinzia amesimama.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimeyaangalia madaftari ya wenzangu. Aibu.

Mama Mapacha ameandika siku mbili, kurasa nyingine wanawe wamechora magari. Mshonaji, yule anayetia viraka shuka zilizochanika, ameandika orodha ya viraka. Kimya ameandika kila siku maneno mawili: "Redio. Nimesikia." Huyo tunamwita Kimya kwa sababu miaka mitatu tuko naye na maneno yake yote yanajaa kijiko. Na Bi Pasi hajui kusoma wala kuandika, daftari lake safi kama lilivyotoka dukani.

"Bi Pasi, mwanangu alisema utamwambia mtu akuandikie."

"Basi andika."

"Niandike nini?"

"Andika redio ilisema, na mimi nikaijibu."

"Ulijibu nini?"

"We mwanamke, nina makoti arobaini ya madaktari hapa. Andika lolote, wewe ndiye msomi."

Sasa mwanangu atayapeleka haya kwa msimamizi wake? Huyo msimamizi ndiye mwalimu anayeisoma kazi yake na kuikatakata. Kila mara anamrudishia kurasa zimejaa wino mwekundu. Sijamwona, lakini najua aina yake: mtu aliyekula akashiba, hapendi mwenzake anawe mikono.

Nimeyachukua madaftari yote nyumbani.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimegundua naweza kuandika kwa mkono wa kushoto. La Bi Pasi naliandika kwa kushoto, mwandiko wa kizee kabisa. La Mama Mapacha nalilaza herufi. La Mshonaji kwa penseli. La Kimya nimerefusha sentensi kidogo tu, nisizidishe. Nikimaliza kuandika kwa ajili ya watu watano mgongo unakuwa kama kamba ya kuanikia.

Lakini yanapendeza! "Kipindi cha leo kimetuelemisha sana sisi wanawake wa hali ya chini." Hilo nimempa Mshonaji, na Bi Pasi pia.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Shuka hazijakauka. Mwanangu hakuja, anahariri kazi ya mwenzake chuoni.

Jumanne, 23 Aprili

Usiku kulikuwa na tufani. Leo redio inatoa shhh tu, kama pasi juu ya kitambaa kibichi. Nimezungusha waya, nimeipiga kofi, shhh. Unyevu umeingia ndani. Tumeiacha.

Kazi bila redio ni ndefu. Mtu unaanza kusikia shuka zinavyodondosha maji.

Jumatano, 24 Aprili

Redio bado shhh. Ilipofika saa nne, saa ya Daktari, Bi Pasi alichukua chupa ya kunyunyizia maji, akaiweka mdomoni, akabadilisha sauti. Wallahi ungesema ni yule mtangazaji mwenyewe wa habari, yule mwenye mafua ya kudumu.

"Hii ni Redio Foronya, ikikutangazia kutoka ndani ya mvuke. Habari kwa ufupi. Shuka mia na sabini zimegoma kukauka. Msemaji wa shuka amesema hazitakauka mpaka jua liombe msamaha. Huko wodi ya wanaume, koti la daktari limekutwa na doa la chai. Daktari amekana kulifahamu koti hilo."

Tulicheka mpaka Mama Mapacha akakaa chini kwenye maji. Mshonaji akapiga simu redioni kwa kutumia kipande cha sabuni, akalalamikia viraka. Mtangazaji akamjibu, "Msikilizaji, swali lako ni zuri, kwa hiyo hatutalijibu."

Halafu Kimya akaacha kukunja. Akasema kwa sauti ndogo, "Naomba kutuma salamu."

Tukageuka wote.

"Kwa nani, msikilizaji wetu?" akauliza Bi Pasi, chupa bado mdomoni.

"Kwa mwanangu. Popote alipo."

Hatukujua kama ana mtoto. Miaka mitatu. Hakuna aliyecheka. Bi Pasi hakuiacha ile sauti ya utangazaji, akasema taratibu, "Salamu zimepokelewa, msikilizaji. Zitarudiwa kesho saa nne."

Jioni nimejaza madaftari ya kijani. Upuuzi wa Bi Pasi hauwezi kuingia kwenye utafiti wa chuo kikuu, mwanangu atachekwa. Nimeandika kwamba Daktari wa Redio alizungumzia chumvi, maana hajazungumzia chumvi siku nyingi. Wote tumefaidika. Bi Pasi ameahidi kupunguza.

Alhamisi, 25 Aprili

Shhh. Bi Pasi alirudia salamu saa nne kamili, kama alivyosema.

Ijumaa, 26 Aprili

Shhh. Salamu zimerudiwa. Kimya alikuwa ameshaweka shuka chini akisubiri.

Jumamosi, 27 Aprili

Redio imepona yenyewe. Nilisema ni unyevu.

Jumamosi, 11 Mei

Mwanangu amechukua madaftari. Aliyafungua pale pale, akasoma, akasema, "Mama, mmeandika kweli kweli!" Akanikumbatia, na mimi nimelowa povu. Nimemwambia muuguzi mkuu, mlinzi, na dereva wa gari la wagonjwa. Dereva alikuwa na mgonjwa ndani, nilifupisha.

Jumatano, 15 Mei

Mvua. Magoti.

Jumatatu, 20 Mei

Sitaki kuandika lakini nikiacha leo daftari hili nalo litakuwa la uongo.

Nilikuwa nimerudi zamu, nimeketi na miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Mwanangu akaingia, mvua inamchuruzika, hakuamkia. Akayatoa madaftari ya kijani kwenye mfuko wa nailoni akayapanga mezani, moja, moja.

"Mama, Jumatano ile ya tarehe ishirini na nne mlimsikiliza Daktari wa Redio?"

"Tulimsikiliza."

"Alisema nini?"

"Si imeandikwa hapo? Chumvi."

Akavuta kiti akakaa. Akasema msimamizi wake alimwambia aende kituo cha redio akachukue vipindi vyenyewe tulivyovisikia, avilinganishe na tulichoandika. Basi akaenda. Mhudumu wa kule akafungua rejista yake, akatafuta wiki ile, karatasi nyeupe. Tufani iliangusha mlingoti. Siku nne mji mzima haukupata kituo kile. Hakuna Daktari, hakuna chumvi, hakuna habari.

"Watu watano, Mama. Watu watano wamesikia kipindi ambacho hakikuwepo. Na wote wamefaidika."

Mimi niliyekuwa nikidhani ni redio yetu tu! Njia ya mwongo fupi, wanasema, lakini yangu ilikuwa na urefu wa mlingoti.

"Futa siku hizo nne," nikamwambia. "Nne tu. Zilizobaki ni nzuri."

"Zilizobaki nani aliandika?"

Nikatazama miguu yangu. Maji yalikuwa yameshapoa.

"Bi Pasi anaandika 'sisi wanawake wa hali ya chini'? Bi Pasi, Mama? Mshonaji na Mama Mapacha wote wanakosea neno moja, 'kuelimishwa' mnaliandika 'kuelemishwa'. Nilipoliona nilijua. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukiniandikia barua nikiwa bweni."

"Huyo msimamizi wako ana roho mbaya. Tangu mwanzo nilisema."

"Msimamizi bado hajajua. Nimejua mimi." Sauti yake ilikuwa imechoka, haikupanda hata kidogo, afadhali ingepanda. "Naweza kunyamaza. Onyesho ni wiki tatu zijazo. Tasnifu nimeshaandika sura tatu juu ya haya madaftari. Nikinyamaza ninamaliza na wenzangu."

"Basi nyamaza, mwanangu."

"Halafu niitwe mtafiti wa nini?"

Nikamwambia nilikuwa namsaidia. Akasema, "Najua. Hilo ndilo linaloniuma. Ungekuwa mtu baki ningekasirika, yakaisha."

Akaniletea taulo nifute miguu. Ndipo nilipolia, kwa sababu ya taulo.

Jumanne, 21 Mei

Nimewaambia wenzangu. Mama Mapacha aliguna. Mshonaji alisema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyeelimishwa?" Kimya alikunja shuka.

Bi Pasi aliendelea kupiga pasi koti lile lile mpaka nikaogopa litaungua.

"Mama Profesa, mimi nilikwambia uandike nini?"

"Redio ilisema, na wewe ukaijibu."

"Na ndivyo ilivyokuwa. Wewe ukaona maneno yangu hayafai kuvaliwa, ukanivalisha ya kuazima." Akageuza koti. "Mficha uchi hazai. Nenda ukaseme wewe mwenyewe, asiende mtoto."

Miaka yote nimemwona Bi Pasi mtu wa porojo, hajui a wala be. Leo amenisomesha.

Alhamisi, 23 Mei

Nimeomba ruhusa nikaenda chuoni kwa miguu yangu, nimevaa gauni la mahafali ya kwanza. Sikumwambia mwanangu.

Idara yao iko ghorofa ya tatu. Nilidhani nitakuta watu wa suti. Nilikuta vijana wamechoka kama zamu ya usiku. Mmoja amelalia meza, visikizio masikioni, kwenye kompyuta mtu anafungua mlango, anafunga, anafungua, anafunga. Akaniambia hiyo ni filamu yake na huo mlango anauhangaikia siku ya nne, haufungiki vizuri. Msichana mwingine amebandika magazeti ukuta mzima, anahesabu mara ngapi mwanamke ametajwa bila kuitwa mke wa fulani. Nikamuuliza amefika ngapi. Akasema, "Mama, usiniulize." Nikawaonea huruma. Ni kufua tu, kwa namna nyingine. Unasugua, unasuuza, unakuta doa.

Msimamizi ni mwanamke wa rika langu. Viatu vyake vilikuwa vinakauka chini ya meza juu ya gazeti, soksi mbichi, tasnifu zimemzunguka kama marobota ya nguo za wodi nzima. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, yakaniishia mlangoni.

"Mimi ni mama yake," nikasema nikikaa. "Madaftari matano ni mimi. Mkono wa kushoto na wa kulia. Yeye hakujua."

Akavua miwani. "Ameshaniambia, jana asubuhi. Alikaa hapo hapo ulipokaa."

Kumbe. Mimi nakuja kumwokoa, naye ameshapita.

Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Siku zile nne, redio ilipokuwa kimya, mlifanya nini?"

"Hakuna kitu cha maana. Upuuzi."

"Upuuzi gani?"

Nikamsimulia Redio Foronya. Alicheka akashika meza. Nilipofika kwenye salamu nikasita, sijui kwa nini, nikasema tu kwamba mtu mmoja alituma salamu, zikarudiwa. Akaacha kucheka, akanitazama.

"Na hayo uliona hayafai kuandikwa."

"Niliona chuo kikuu kinataka chumvi."

Akasema madaftari ya kijani hayawezi kutumika, hata ukurasa mmoja. Mwanangu ataanza upya, atakuja mwenyewe na kinasa sauti. Onyesho la muhula huu limempita, atamaliza na kundi linalofuata. Na mimi sitakuwemo. "Wewe ni mama wa mtafiti, na sasa ni zaidi ya hapo." Nikauliza hakuna namna. Akasema, "Mama, wewe shuka yenye doa ungeirudisha wodini?"

Miaka kumi na tisa sijairudisha hata moja.

Kwenye ngazi nikakutana na mwanangu anapanda.

"Nani amekwambia uje?"

"Miguu."

Akanishika mkono tukashuka wote.

Jumatatu, 27 Mei

Mlinzi kaniuliza onyesho ni lini, avae nini. Nikamwambia muhula ujao, na kwamba kosa ni langu. Ilikuwa nzito kuliko shuka.

Jumatatu, 3 Juni

Mvua imepungua. Mwanangu amekuja na kinasa sauti. Fomu za ridhaa zimesainiwa upya, Bi Pasi ameweka dole gumba, akasema, "Huo mwandiko hakuna atakayeuiga."

Mimi nimetolewa nje. Nilikaa koridoni kwenye ndoo iliyopinduliwa, nakunja foronya chini ya kamba. Nasikia wanacheka kule ndani bila mimi. Mara mbili nilisimama nikawasahihishe. Mara mbili nikakaa.

Alipotoka nikamuuliza, "Kimya amesema ile ya salamu?"

"Ipi?" akasema. Kisha, "Alinigusa mkono nizime mashine. Amesema ana jambo moja ambalo si la utafiti. Nikazima."

"Umezima? Hukumbembeleza hata kidogo?"

"Nimezima, Mama."

Mimi ningeliandika kwa mikono miwili. Nilimtazama anavyokunja waya, polepole, asiuvunje. Simwiti tena Profesa. Ana uchovu wa mtu mzima anayeijua kazi yake, haustahili kutaniwa.

Jumatano, 5 Juni

Mwanangu ameuliza kama niliandika kitu kwenye daftari jekundu. Nikasema nimeandika. Akasema si kwa utafiti, msimamizi hatalikubali na yeye hataliomba. Anataka tu kulisoma, awe nalo.

Nikamwambia nitafikiri. Humu nimesema mambo mengi mabaya na mengine ya kijinga. Na humu mna salamu za mtu.

Ijumaa, 7 Juni

Jua. Shuka zote zimekauka kufikia saa sita, hakuna aliyeamini.

Kabla ya zamu kuisha nimemvuta Kimya pembeni, pale kwenye rafu za sabuni. Nikamwambia, "Dada, niliandika maneno yako bila kukuuliza. Nataka kumpa mwanangu daftari hili. Ukisema nichane ukurasa, nitachana."

Akasema, "Soma."

Nikasoma tarehe ishirini na nne, tangu chupa ya maji mpaka "zitarudiwa kesho saa nne". Nilisoma taratibu, macho chini. Nikamaliza. Juu ya msumari redio inazungumzia bei ya nyanya na hakuna anayeisikiliza.

"Usichane," akasema. "Lakini umekosea."

"Wapi?"

Akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa umeandika 'kwa sauti ndogo'. Haikuwa ndogo."

Nimekumbuka vizuri. Kweli haikuwa. Mimi ndiye niliyempunguza, kwa kuwa nilizoea kumwona mdogo.

Nimetoa kalamu pale pale, yeye akiangalia, nikalikata neno "ndogo" kwa mkono wa kulia.